Ukungu Ulio Kwenye Picha Umetoka Wapi?

Mwaka jana, katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, tulipiga picha zaidi ya mia mbili za maandamano hapa Lushoto. Moja tu ilimwonyesha katekista wetu mzee akitangulia na msalaba. Alipofariki miezi michache baadaye, familia iliiomba kwa ajili ya mazishi. Uso wake ulikuwa umefifia kabisa, na hatukuwa na nyingine.

Tuliilaumu hali ya hewa ya Juni. Tulikosea. Tulipoikuza picha, mawe ya barabarani yalionekana wazi, yeye pekee ndiye aliyefifia. Hiyo ni alama ya mwendo. Mtu atembeaye polepole huenda karibu mita moja kwa sekunde. Shata ikibaki wazi kwa 1/60 ya sekunde, anasogea zaidi ya sentimita moja na nusu. Kwa 1/500 anasogea milimita mbili tu. Siku ya mawingu mwanga ni hafifu, na kamera ikiachiwa ijiamulie huacha shata wazi muda mrefu zaidi. Afadhali kupandisha ISO na kuvumilia chembechembe. Pia msubiri mtu aje kuelekea kwako, kwani anayekatiza mbele ya kamera hufifia zaidi. Au mngojee kwenye altare ya njiani, maandamano yanaposimama.

Kama mawe nayo yamevurugika, mkono ndio uliotikisika: egemea ukuta au mti. Kama ni simu, futa lenzi kwanza; mafuta ya vidole yameharibu picha nyingi za Komunyo ya Kwanza!

Ukungu wa kweli upo, bila shaka. Katika msitu wa Magamba asubuhi, kamera huhangaika kutafuta fokasi kwa sababu haioni tofauti ya giza na mwanga. Ielekeze kwenye shina la mti lililo umbali sawa na mtu unayempiga, shikilia fokasi hapo, kisha mrudie. Lakini ukiwa Irente unatazama nyika iliyo karibu mita elfu moja chini, vumbi na unyevu wa hewa hutawanya mwanga, na hakuna lenzi itakayouondoa utando ule. Nenda alfajiri, baada ya mvua.

Familia ya katekista hatimaye ilitumia picha ya kitambulisho chake.