Taa Moja ya Nyumbani Inatosha Kupiga Picha Nzuri

 Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya picha.

Wengine watasema: picha ni mambo ya starehe, sisi tuna shida ya unga na kuni. Ni kweli. Lakini hebu kila mmoja aulize nyumbani kwake: nani ana picha ya baba yake mzazi? Nani bado ana picha ya harusi yake? Wengi wetu tulivuka mto Rusizi na nguo za mwilini na mtoto mgongoni. Albamu ilibaki kule. Leo kuna watoto wanaoanza shule ya msingi ambao hawajawahi kuona sura ya babu yao hata mara moja. Ukimwambia mtoto "unafanana na babu", anakutazama tu.

Albamu ile pengine hairudi. Lakini albamu mpya tunaweza kuianza, hata wiki hii. Siku hizi simu zenye kamera ziko mingi, na asiyekuwa nayo jirani yake anayo. Shida iko kwenye saa. Mchana mama yuko kwenye foleni ya maji, baba anatafuta kibarua, watoto wako shuleni. Familia inakutana jioni, na jua letu hapa linazama nyuma ya milima ya Uvira karibu saa kumi na mbili. Ndani kuna giza. Ukipiga, picha inatoka nyeusi. Ukiwasha flashi, uso unakuwa kama umepakwa unga, na nyuma hakuonekani kitu. Basi watu wanasema simu ni mbovu. Sisi tunasema: mara nyingi simu haina kosa. Kinachokosekana ni mwanga uliowekwa mahali pake, na mwanga huo upo nyumbani mwako.

Wavuvi wa ziwa wanajua siri hii

Nenda ufukweni Bujumbura usiku usio na mbalamwezi. Utaona taa zimepangana juu ya Tanganyika kama mji mwingine. Hao ni wavuvi wa ndagala. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri. Hawajaribu kuangaza ziwa zima. Wanaangaza mahali pamoja, pembeni panabaki giza, na samaki wanakuja kwenye mwanga. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wanapumzika, kwa sababu mwanga uko kila mahali na samaki hawakusanyiki.

Jicho la mtu nalo liko hivyo. Likiona picha linakimbilia kwanza palipo na mwanga. Ukiangaza uso wa nyanya tu, na ndoo, masufuria na shitingi vikabaki gizani, jicho litakwenda kwa nyanya. Kwa hiyo giza la nyumba zetu, tunalolilalamikia kila siku, hapa linatusaidia.

Waliotutangulia hawakuwa na vitu vingi

Mjini Bamako, Mali, kulikuwa na Seydou Keïta. Alianza kama fundi wa kutengeneza samani, hakusomea picha shuleni. Mwaka 1948 alifungua studio yake. Picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha kutundika nyuma ya watu kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja mmoja alipata pigo moja tu. Alimpanga vizuri kwanza, ndipo akabonyeza. Leo picha zake zinaonyeshwa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Yuko pia Samuel Fosso, na huyu maisha yake yanatugusa zaidi. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akiwa mtoto akapita katika vita vya Biafra huko Nigeria, kisha mwaka 1972 akapelekwa Bangui kwa mjomba wake. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake ndogo. Jioni, filamu ya wateja ikibakiza nafasi chache, hakuzitupa. Alivaa vizuri, akajipiga mwenyewe, akazituma picha kwa nyanya yake Nigeria ili aone kwamba mjukuu yuko hai na anakua. Picha hizo za kumtuliza nyanya ndizo zilizokuja kumfanya ajulikane duniani. Na mwaka 2014, wakati wa vita huko Bangui, nyumba yake iliporwa na picha zikatupwa njiani. Waandishi wa habari waliziokota nyingi. Mwaona, kupoteza picha kwa sababu ya vita si jambo letu peke yetu.

Namna ya kufanya

Tumejaribu haya na vijana wetu kwa taa za kawaida: balbu ya umeme, taa ya sola na tochi ya simu ya pili.

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Mikono yetu ina mafuta na vumbi, na picha nyingi zenye ukungu zinaanzia hapo.

2. Zima flashi. Halafu zima taa nyingine zote, ibaki moja. Usichanganye mwanga wa rangi mbili. Taa ya mafuta hutoa wekundu, balbu nyingi za sola hutoa weupe unaokaribia bluu. Zikikutana usoni, ngozi inatoka na mabaka.

3. Usimweke mtu chini ya balbu ya darini. Macho yatakuwa mashimo meusi kama mgonjwa. Taa ikae pembeni, juu kidogo ya kichwa chake, upande wa kulia au wa kushoto. Upande mmoja wa uso utang'aa, wa pili utakuwa na kivuli chepesi. Kivuli hicho ndicho kinachoonyesha umbo la uso.

4. Sogeza taa karibu. Taa ndogo ukiipeleka mbali mara mbili, mwanga unaofika usoni haupungui nusu tu, unabaki robo. Ngozi zetu nyeusi zinapenda mwanga wa karibu na mlaini.

5. Lainisha mwanga. Tochi ya simu peke yake inachoma macho. Ielekeze kwenye ukuta mweupe au shuka jeupe, urudi kwa mtu. Au simamisha chupa angavu yenye maji juu ya tochi, na mwanga utasambaa.

6. Upande wenye giza sana, mtoto mmoja ashike karatasi nyeupe au sahani ya bati. Itarudisha mwanga kidogo. Watoto wanapenda sana kazi hii.

7. Nyuma ya mtu tundika kikwembe, na mtu akae mbele yake hatua mbili.

8. Weka simu juu ya jiwe au kiti, isitikisike. Gizani kamera inachukua muda kuvuta mwanga. Gusa uso kwenye kioo cha simu, mwambie mtu atulie, abanie pumzi kidogo, ndipo bonyeza. Usivute picha kwa vidole, sogea mwenyewe.

Vijana wanaotaka mchezo zaidi: simu nyingi zina sehemu ya kuchagua muda wa kamera kubaki wazi. Chagua sekunde kumi, simu ikae juu ya kiti, halafu mwenzako aandike jina lake hewani kwa tochi, gizani. Jina litatokea kwenye picha kama uzi wa moto. Hata neno lenyewe "fotografia" limetoka katika maneno ya Kigiriki ya mwanga na kuandika.

Mzee mmoja alipotuona na taa ya sola alicheka: "Walimu, hiyo taa iko ya kusomea, si ya kupiga foto." Tulimkalisha pembeni mwa taa, tukampiga. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akasema: "Huyu ni baba yangu kabisa." Aliomba itumwe kwa binti yake Kalemie usiku uleule.

Tahadhari

Wazazi, mshumaa na koroboi ni hatari ndani ya nyumba za shitingi. Kwa picha, afadhali tochi au taa ya sola. Kama huna ila mshumaa, uweke ndani ya sahani yenye mchanga, mbali na kikwembe, na mtu mzima asiondoke.

Picha za watoto zitumie ndugu mnaowajua, si kila kikundi cha simu. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu. Na msipige picha za askari, vituo vyao au vizuizi vya barabarani.

Kwa nini tunasisitiza

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao, wengi wao katika kambi za Goma na Bukavu. Mtoto mkubwa aliweza kutaja jina la baba na kilima chake. Mdogo hakuweza. Basi mashirika yaliwapiga watoto picha na kuzibandika kwenye mbao, wazazi wakapita wakitazama uso mmoja baada ya mwingine. Wako waliopata mtoto wao kwa njia hiyo. Lakini mzazi anayetafuta mtoto naye huulizwa: je, unayo picha? Mwaka 2025 familia nyingi zilivuka tena kuja Burundi, na wengine mpaka leo hawajui ndugu zao wako wapi. Aliye na swali hilo aende kwa watu wa Msalaba Mwekundu, wana kazi ya kutafuta ndugu. Picha inayoonyesha uso vizuri inawasaidia.

Kwa hiyo tunaziomba familia zote: mwezi huu pigeni picha mbili. Moja ya mkubwa kuliko wote nyumbani, na moja ya mdogo kuliko wote. Andikeni majina, tarehe na mahali. Msiziache kwenye simu moja tu, kwa sababu simu inaibiwa na inaanguka majini. Mtumieni ndugu mmoja aliye mbali azitunze, na mtu wenu akienda mjini, azichapishe.

Atakayekwama aje shuleni baada ya masomo, tutasaidiana. Mje na taa yenu.