Kipodozi au Dawa?

Mwanamke wa Miburani, kisiwani Mafia, anayejipaka mafuta ya nazi ili nywele zake zing'ae ametumia kipodozi. Mafuta hayohayo yakiuzwa kwenye chupa iliyoandikwa kwamba yanatibu mapunye, yamekwisha kuvuka mpaka: yanadai kuwa dawa.

Mpaka huo umechorwa na sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilieleza kipodozi kuwa ni kitu kinachopakwa, kumiminwa au kunyunyizwa mwilini kwa ajili ya kusafisha, kupamba au kubadili mwonekano. Ilikitenga kitu kilichokusudiwa kutibu au kuzuia maradhi, pamoja na kile kilichokusudiwa kubadili kazi ya mwili.

Krimu za kung'arisha ngozi ndizo zinazoutia mpaka huo utata. Hudai kubadili mwonekano tu, lakini nyingi hufanya hivyo kwa kuizuia ngozi kutengeneza melanini, rangi inayoikinga dhidi ya jua. Hapo jina la bidhaa halitoshi, wala rafu ya duka. Maswali ni mawili: inadai kufanya nini, na ndani yake mna nini?

Krimu yenye clobetasol au betamethasone ni dawa ya steroidi, hata boksi lake likipambwa kwa picha ya bibi harusi. Hutibu maradhi ya ngozi kwa muda na kipimo alichoagiza mtabibu. Ikitiwa katika mkorogo na kupakwa kila siku, huifanya ngozi kuwa nyembamba na huficha dalili za fangasi huku ugonjwa ukienea. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha weusi usiotoka kwa urahisi. Zebaki huharibu figo. Vyote vitatu vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania.

Tangu Julai 2019, vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa hiyo kuipambanua bidhaa si ubishi wa maneno. Ndiko kunakoamua taarifa ipelekwe wapi.

Mhudumu wa afya hahitaji maabara ili kuanza. Mgonjwa mwenye upele uliobadilika sura, chunusi zisizoisha au miguu iliyovimba bila sababu ya wazi aulizwe faraghani, kwa staha, anajipaka nini, na aombwe kulileta kopo lenyewe. Mgonjwa naye asione haya kulileta. Krimu inayojulikana au kushukiwa kuwa na zebaki iachwe mara moja. Aliyezoea steroidi asiiache ghafla kabla ya kuonana na mtabibu, kwani ngozi huweza kuwaka na kuwasha kuliko mwanzo. Na kopo lisiloonyesha viambato vyake lisipakwe kabisa.