Marekani: Taa za Noeli zinazocheza muziki na adui wao asiyeonekana, kelele za umeme

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi na moja, nyumba nyingi inchini Marekani zinageuka jukwaa wakati wa usiku. Maelfu ya taa yanawaka na kuzimika kufuatana na ngoma na gitaa, yakiongozwa na kompyuta iliyowekwa ndani ya garaji. Watu wanapita pole pole na magari yao, wanafungua radio kwenye masafa ya FM yaliyoandikwa kwenye kibao, na muziki unakwenda sawa na taa. Lakini kuna usiku ambapo malaika wa taa nyeupe anaanza kumeta kijani bila kuamriwa, mti unawaka kabla ya zamu yake, radio ya jirani inaunguruma, na mlango wa garaji wa nyumba ya pili unakataa kutii rimoti. Mara nyingi programu haina kosa lolote. Kosa ni kelele za umeme.

Kelele hizo hazisikiki kwa sikio. Ni umeme unaotoka katika waya mmoja na kuingia katika mwingine bila waya hizo kugusana, au unaosafiri kupitia prizi mpaka kwenye chombo kingine. Mtu wa Goma au Bukavu anayesikiliza radio ya mawimbi mafupi anazijua vizuri: chaja ya bei ndogo ikichomekwa karibu na radio, habari zinafunikwa na mlio kama wa mahindi yanayokaangwa.

Mchezo huu wa taa ulijulikana dunia nzima mwaka 2005, wakati video ya nyumba ya Carson Williams, injinia wa umeme wa mji wa Mason katika jimbo la Ohio, ilipozunguka kwenye intaneti. Alitumia taa zipatazo 16,000 zilizogawanywa katika njia 88, pamoja na wimbo wa kundi la Trans-Siberian Orchestra. Ili asiwakoseshe majirani usingizi, alirusha muziki kwa kifaa kidogo cha FM badala ya vipaza sauti. Mason si mbali na Dayton, mji ambamo leo zinaishi familia nyingi za Wakongomani wanaosema Kiswahili.

Taa za wakati ule zilichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 120. Ili kupunguza mwanga, kisanduku cha kuongozea taa kinatumia kifaa kiitwacho triaki. Umeme wa Marekani unapita sifuri mara 120 kwa sekunde. Triaki inangojea kidogo baada ya kila sifuri, kisha inafungua njia kwa ghafla, na ule ughafla ndio ubaya wenyewe: ni sawa na mtu anayebamiza mlango mara 120 kwa sekunde. Waya mrefu uliotandazwa juu ya paa unakuwa antena, na radio za AM za kartie zinaunguruma. Dawa ni kichujio cha koili na kapasita, kinachofungwa karibu na triaki ili ule ughafla ulainike kabla haujaingia kwenye waya mrefu.

Taa za LED zilipokuja, tatizo jipya likazuka. Zinakula umeme kidogo mno, kiasi kwamba triaki inashindwa kushika. Taa zinapepesa au zinakataa kuzimika kabisa. Mafundi wenye uzoefu wanafunga ampuli moja ya zamani mwishoni mwa mstari ili triaki ipate mzigo wa kubeba, halafu wanaificha nyuma ya maua. Si dawa ya kupendeza, lakini inafanya kazi.

Leo wengi wamehamia kwenye pikseli, na hapo ndipo vita ni vikali zaidi. Kila taa ina chipu yake ndogo, na aina inayojulikana kuliko zote ni WS2811. Kompyuta inatuma habari kwa mwendo wa biti 800,000 kwa sekunde. Taa ya kwanza inachukua biti zake 24, nane kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu, kisha inapitisha zinazobaki kwa taa ya pili, na ya pili kwa ya tatu, mpaka mwisho wa mstari. Hakuna ukaguzi wowote njiani. Biti moja ikiharibika, taa haiwezi kujua kwamba imedanganywa, inawasha ilichosikia. Na kosa likitokea kwenye taa za mwanzo, zote za nyuma zinalirithi. Ndiyo sababu fundi akiona nusu ya mstari imechanganyikiwa, anatazama kwanza mahali ambapo wazimu unaanzia, siyo mahali unapoonekana zaidi.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni waya kati ya kisanduku na taa ya kwanza. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatoa ishara ya volti 3.3, wakati pikseli nyingi zinangojea volti 5. Kwa hiyo ishara inatoka ikiwa tayari na sauti ndogo. Tena, ikifika mwisho wa waya mrefu, sehemu yake inarudi nyuma kama mwangwi na kugongana na ishara inayofuata. Wajuzi wanapandisha ishara mpaka volti 5, wanaweka rezista ndogo mwanzoni mwa waya ili kuzima mwangwi, na umbali ukizidi mita chache wanafunga katikati pikseli moja ambayo haitawashwa kamwe. Kazi yake ni kupokea ishara iliyochoka na kuituma tena ikiwa safi.

Kwa umbali mkubwa, kama taa ziko upande wa pili wa kiwanja, ujanja huo hautoshi. Hapo wanatumia njia iitwayo RS-485, ambayo ndiyo inabeba pia DMX512, lugha ya taa za jukwaani. Waya mbili zinasokotwa pamoja. Ya kwanza inapanda pale ya pili inaposhuka. Kelele ikija kutoka nje, inazigonga zote mbili karibu sawasawa, lakini kifaa cha kupokea hakisomi kila waya peke yake. Kinasoma tofauti kati yao, na tofauti haikubadilika. Mwisho wa waya wa DMX unafungwa rezista ya omu 120. Wanaoisahau wanapata matatizo yanayokuja na kupotea, na hayo ndiyo yanachosha kuliko yote.

Mengine ni nidhamu tu. Waya wa ishara usitandazwe ubavuni mwa waya wa volti 120. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba. Waya hasi wa kisanduku na wa kila chanzo cha umeme ziunganishwe, lakini waya chanya za vyanzo tofauti zisiunganishwe. Umeme uongezwe katikati ya mistari mirefu, kwa sababu volti zinapungua njiani na chipu yenye njaa inasoma vibaya. Viungo vikingwe mvua.

Halafu kuna majirani. Biti 800,000 kwa sekunde zinaleta kelele katikati kabisa ya bendi ya AM, na vyanzo vya umeme vya bei rahisi vinachafua mpaka mawimbi mafupi, yanayotumiwa na watu wa radio ya ridhaa. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ni wazi katika sehemu ya 15: kifaa cha namna hii kisilete usumbufu wenye madhara, na kivumilie usumbufu wowote kinachoupata. Mwenye taa akijulishwa na mamlaka kwamba anasumbua, anapaswa kuzima mpaka arekebishe. Kanuni haina likizo ya Noeli. Uingereza nako, mwaka 2015, mamlaka ya Ofcom ilitaja taa za Noeli kati ya vitu vinavyoweza kupunguza nguvu ya Wi-Fi nyumbani.

Kifaa cha FM ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Bila leseni, nguvu inayoruhusiwa inafika mita 60 hivi tu, kiasi cha kutosha magari yaliyo mbele ya nyumba. Wanaonunua kifaa chenye nguvu kupita hapo wanaingilia stesheni za watu, na kifaa kibovu kinaweza kumwaga mawimbi juu ya 108 MHz, mahali ambapo inaanzia bendi ya kuongozea ndege. Hapo mchezo umekwisha kuwa hatari.

Namna ya kumtafuta mkosaji haina gharama. Fundi anachukua radio ndogo ya betri, anaiweka kwenye AM mahali pasipo stesheni, na kutembea nayo kando ya waya wakati taa zinacheza. Mlio ukipanda, anachomoa kifaa kilicho karibu. Ukinyamaza, kimepatikana: anakifunga kipete cha feraiti kwenye waya wake, na kama mlio unarudi, anakibadilisha kabla ya usiku kuingia.