Habari za Simu Zimewekewa Bei: Wafanyakazi Tufanyeje?



Jumapili moja tulipanda Kiriri, ule mtaa wa mlimani wenye nyumba kubwa, kuongea na ndugu zetu walinzi na watunza bustani. Mlinzi mmoja akatutolea simu yake. Gazeti la mtandaoni lilikuwa limeandika juu ya mishahara. Tukasoma mistari mitatu, kisha habari ikakatika, yakatokea maneno: lipa ndipo uendelee. Mega alikwisha kuzinunua. Sasa alitakiwa kulipa mara ya pili.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Gazeti la The Times la London lilianza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2010, na New York Times la Marekani mwaka 2011. Mwaka 2021 kampuni ya Nation ya Kenya ikaweka bei ya shilingi 50 kwa juma kwa baadhi ya habari zake.

Tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara Burundi kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura, na 105 mashambani. Ikapita zaidi ya miaka 30 bila kubadilishwa. Shilingi 50 za Kenya, kwa bei rasmi ya fedha ya mwaka 2021, zilizidi faranga 800. Yaani kusoma gazeti juma moja kulizidi kima cha siku 5 za kazi! Ni kweli wengi wetu hulipwa zaidi ya hapo, lakini unga na maharage navyo vinangoja.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu. Mwandishi wa habari naye ni mfanyakazi. Zamani mshahara wake ulitoka katika mauzo ya gazeti na matangazo ya biashara. Leo sehemu kubwa ya matangazo imehamia Google na Facebook. Gazeti lisilolipwa na wasomaji litatafuta bwana wa kulilisha, na bwana huyo hatapenda habari za migomo yetu.

Sisi wa Burundi tunaujua mlango uliofungwa. Tovuti ya Iwacu ilizuiwa nchini tangu Oktoba 2017 hadi Februari 2022. Ule ulifungwa kwa amri, huu unafungwa kwa bei. Kwa asiye na pesa, yote ni mamoja.

Basi tufanye hivi. Kwanza, kila tawi lichange na kulipia gazeti moja. Mwenzetu mmoja alisome, kisha wakati wa mapumziko awaeleze wengine kwa Kirundi na Kiswahili. Pili, viongozi wa vyama wayadai magazeti yaache wazi habari za mishahara, sheria za kazi na afya. Mwaka 2020 New York Times lilifungua bure habari za Korona. Kumbe inawezekana.

Mlinzi yule wa Kiriri bado hajasoma mstari wa nne. Tawi lake na limsomee.