Gari Moja, Vichwa Sita: Gharama za Matembezi na Uvuvi Kentucky Majira ya Kuchipua

Kabla ya kuuliza bei ya matembezi, uliza kwanza inahesabiwa kwa nini: kwa gari, kwa kichwa au kwa siku. Kwa watu wawili tofauti hiyo ni ndogo. Kwa baba, mama na watoto wanne, kama zilivyo familia nyingi za ndugu zetu wa Louisville, Lexington na Bowling Green waliotoka Kongo, Burundi na kambi za Tanzania, hapo ndipo pesa hupona au hupotea.

Naanza na Mammoth Cave kwa sababu ndiko ninakopendekeza. Hifadhi hii ya taifa haina kiingilio, mje wawili au mje kumi. Pango lake ni refu kuliko yote yanayojulikana duniani: zaidi ya maili 420 zimeshapimwa, na wapimaji bado hawajafika mwisho. Maji yamelila jiwe la chokaa kwa mamilioni ya miaka, huku tabaka gumu la mawe ya mchanga lililo juu likizuia dari lisiporomoke. Kazi hiyo ya maji huionei chini tu. Pale Cedar Sink ardhi imedidimia, mto unajitokeza kwa kitambo kifupi, kisha unazama tena chini ya mwamba. Kutembea hadi hapo hulipi hata senti.

Ukitaka kuingia pangoni, hesabu inageuka, maana ziara zinalipiwa kwa kichwa. Zile za kawaida ni karibu dola 20 kwa mtu mzima na watoto hupunguziwa, kwa hiyo familia ya watu sita inaweza kukaribia dola 100. Chagueni moja. Mwenye mtoto mdogo au mzazi anayelalamikia magoti achukue Frozen Niagara, ambayo ni robo maili tu. Wengine, hata kwa kujibana, walipie Historic, yenye maili 2 na ngazi zaidi ya 500. Inapita kwenye shimo lile alilolivuka Stephen Bishop, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, aliyeanza kuongoza wageni humo mwaka 1838 na kuufungua upande wa pango ambao kabla yake haukuwa umefikiwa na wageni. Watoto wetu wanasoma historia ya nchi hii shuleni. Jina hilo walisikie mahali pale pale alipofanyia kazi.

Chukueni majaketi, kwani hewa ya ndani ni nyuzi 54 za Farenhaiti, kama 12 za Selsiasi, mwaka mzima. Tena, wanaotoka Louisville na Lexington waangalie saa: Mammoth Cave inafuata saa za kati, nyuma ya zenu kwa saa moja. Nafasi za ziara wakati wa likizo za shule huisha mapema, hivyo ziwekeni kabla ya kupanga jambo lingine lolote.

Sasa samaki. Green River inapita katikati ya hifadhi, na ndani ya mipaka yake huhitaji leseni ya uvuvi ya jimbo. Kwa familia yenye watu wazima watatu au wanne huo ni unafuu mkubwa. Kuna kambare, besi na wengineo, na viwango vya jimbo vya idadi na urefu wa samaki bado vinakubana. Hairuhusiwi kuchimba nyungunyungu hifadhini, kwa hiyo nunueni chambo dukani njiani. Waliokulia Kigoma, Uvira au Rumonge, ambako usiku huvuliwa kwa taa na nyavu, wajue kwamba hapa samaki kama besi na trauti ni wa ndoana na mshipi tu.

Kasoro ya Green River wakati huu wa mwaka ni mvua. Ikinyesha sana mto hufura, maji huwa tope, na kivuko cha bure cha magari husimamishwa. Mkikuta hali hiyo, Barren River Lake haiko mbali, na Aprili samaki aina ya crappie husogea kwenye maji mafupi kutaga, hata mtoto anaweza kuwapata akiwa ufukoni. Lakini huko leseni ni lazima kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi.

Bei za leseni nilizo nazo ni za mwaka 2024: dola 23 kwa mwaka kwa mkazi wa Kentucky, dola 7 kwa siku moja, na dola 42 kwa mume na mke wakikata pamoja. Anayevua siku tatu kwa mwaka anunue za siku, zitamgharimu 21; akifika ya nne ameshapita bei ya mwaka mzima. Leseni ya mwaka huanza Machi 1 na kuisha mwisho wa Februari, basi anayeikata Machi anapata miezi yote, na anayeikata Januari amelipia wiki chache. Anayetaka kubeba trauti nyumbani huongeza kibali cha dola 10. Mgeni kutoka jimbo jingine hulipa dola 15 kwa siku au 55 kwa mwaka.

Ukiwa na leseni ya mwaka, mavuno yake yako jirani kuliko unavyodhani. Jimbo hupandikiza kambare na trauti katika maziwa madogo ya mitaani. Louisville wapo Waverly Park na Tom Wallace. Kambare ni 4 kwa siku kwa mtu, trauti 5. Kwa anayefanya kazi zamu za usiku kiwandani, ziwa la dakika ishirini kutoka nyumbani lina thamani kuliko bonde zuri la saa tatu.

Watu wa Lexington wana hesabu nyingine, kwa sababu Natural Bridge iko kama saa moja tu kutoka kwao. Daraja lile la mawe ya mchanga, lenye urefu wa futi 78, halina kiingilio. Viti vya kupandia mlimani vinalipiwa kwa kichwa. Viacheni, njia ya miguu haifiki maili moja. Cumberland Falls nayo haina kiingilio, na majira haya maji yake ni mengi. Usiku wa mwezi mpevu, mbingu ikiwa safi, mvuke wake hutoa upinde wa mwezi. Ila upinde huo unalazimisha kulala huko, na hoteli huweka kikomo cha watu kwa chumba. Familia ya watu sita mara nyingi huambiwa ichukue vyumba viwili.

Wengi huniuliza kuhusu Great Smoky Mountains. Maua ya porini ya Aprili kule ni mazuri kweli. Kiingilio hakuna, lakini tangu Machi 2023 gari linaloegeshwa zaidi ya dakika 15 hulipiwa dola 5 kwa siku au 15 kwa wiki, na ile kadi ya hifadhi za taifa ya dola 80 haikusaidii kwa maegesho hayo. Leseni ya Kentucky haifai huko. Utanunua ya Tennessee au North Carolina kwa bei ya mgeni. Halafu mafuta: kutoka Louisville kwenda na kurudi ni karibu maili 560. Gari la familia linalokwenda maili 20 kwa galoni, galoni ikiwa dola 3, litakunywa dola 84. Mammoth Cave, maili kama 180 kwenda na kurudi, ni dola 27. Tofauti ya 57 inalipa zaidi ya nusu ya ziara ya pango kwa watu wote sita, na usiku mnalala kwenu.