Asili ya misemo ya Kiingereza (4): Mguu unaovutwa na mti wa Tyburn

Siku ya Wajinga imepita, na kama ilivyo kila tarehe 1 Aprili, habari za kubuni zilijaa magazetini na kwenye simu. Aliyenaswa na mzaha wa namna hiyo, Waingereza husema amevutwa mguu. Sisi tungesema amechezewa shere. Mwaka 1957 BBC iliwavuta mguu watazamaji wake: kipindi cha Panorama, kwa sauti ya heshima ya Richard Dimbleby, kiliionyesha familia ya Uswisi ikichuma tambi mitini. Wapo waliopiga simu kuuliza mti huo hupandwaje.

Lakini mguu huo ulitoka wapi? Kuna hekaya inayosambazwa kila Aprili kwamba ni mguu wa mtu aliyenyongwa Tyburn, London. Kanuni yetu tangu sehemu ya kwanza ni ile ile: bila maandishi ya wakati wake, hekaya haiwi ushahidi.

Tyburn yenyewe ilikuwepo, tena ya kutisha. Kiunzi cha pembetatu kilisimamishwa mwaka 1571, karibu na lilipo leo tao la Marble Arch, na kingeweza kunyonga watu 24 kwa wakati mmoja. Wafungwa waliletwa kwa mkokoteni kutoka gereza la Newgate, umati ukifuata njia nzima. Walifungwa kitanzi wakiwa wamesimama mkokotenini, kisha farasi akachapwa. Hapakuwa na mwanguko wa kuvunja shingo. Mtu alikabwa polepole na uzito wake mwenyewe. John Smith alinyongwa mkesha wa Krismasi mwaka 1705, akaning'inia kama robo saa, msamaha ukafika, akateremshwa yu hai. Mwaka 1740 William Duell alizinduka akiwa tayari mikononi mwa madaktari waliotaka kumpasua. Ndiyo maana ndugu na marafiki walikimbilia chini ya mti wakaining'inia miguu ya mtu wao, ili roho itoke upesi.

Tafadhali tulitazame tendo hilo kwa adabu. Mama aliyeuvuta mguu wa mwanawe pale Tyburn hakuwa akimtania. Alimpa huruma ya mwisho iliyobaki mikononi mwake, na ni aibu kuigeuza huruma hiyo kuwa kichekesho cha Aprili.

Tarehe nazo zinakataa. Mtu wa mwisho kunyongwa Tyburn alikuwa John Austin, tarehe 3 Novemba 1783. Miaka miwili baadaye Francis Grose alichapisha kamusi yake ya lugha ya mitaani, kazi ninayoipenda kuliko kamusi zote za Kiingereza. Grose alisikiliza vilabuni na mitaani, wala hakuona haya kuandika alichosikia. Anatueleza kwamba kunyongwa kuliitwa kucheza ngoma ya Paddington, kwa jina la kitongoji jirani, na kwamba kitanzi kilikuwa na jina lake la utani. Msamiati wa mti wa kunyongea umejaa kurasa zake. Kuvuta mguu kwa maana ya utani hakumo. Msemo huo unajitokeza katika maandishi ya karne ya 19, wakati Tyburn imekwisha kuwa historia.

Maelezo mengine ni ya kawaida zaidi: anayevutwa mguu hujikwaa, na anayedanganywa kwa mzaha hujikwaa akilini. Hayana damu wala umati, kwa hiyo hayasambazwi sana. Mimi nayaona yana uzito kuliko ile hekaya, ingawa nayo yanangoja shahidi wa maandishi.

Kuhusu mizaha ya mwaka huu, nitasema moja tu: BBC ilitangaza uongo wake kwa jina lake, na siku ya pili kila mtu alijua pa kuuliza. Ujumbe wa simu usio na mwenyewe hauna siku ya pili.

Juma lijalo tutaifungua kamusi ya Grose kwenye maneno ya wezi wa mifukoni.