Ada Alipe Nani: Shule ya Biashara na Udhamini wa Mwajiri

Uamuzi wa kusoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, ambayo maofisini hutajwa zaidi kwa kifupisho chake cha MBA, kwa kawaida hugawanywa katika maswali mawili yanayoshughulikiwa kwa nyakati tofauti: kwanza chuo kipi, kisha ada italipwa na nani. Mgawanyo huo una kasoro, kwa kuwa anayelipa ada ndiye anayeamua kwa kiasi kikubwa shule ipi inamfaa mwanafunzi, na mfanyakazi anayebisha hodi kwa ofisa rasilimali watu akiwa tayari na barua ya kukubaliwa chuoni huwa ameianza hesabu mwishoni.

Gary Becker, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alitenganisha katika kitabu chake cha mwaka 1964 mafunzo ya aina mbili: mafunzo mahususi, yanayomfaa mfanyakazi akiwa katika kampuni ile ile tu, na mafunzo ya jumla, ambayo thamani yake humfuata popote aendako. Kwa hoja yake, mwajiri katika soko la ushindani hana sababu ya kugharimia mafunzo ya aina ya pili, maana mshindani wake aweza kumchukua msomi huyo kesho yake kwa kumwongezea mshahara kidogo. MBA ni mafunzo ya jumla karibu kabisa, kwani uhasibu, masoko, fedha na usimamizi wa watu havibadiliki kutoka benki moja hadi nyingine. Hata hivyo waajiri hulipa, na sababu mojawapo iko katika mkataba unaoambatana na malipo hayo, ambao wafanyakazi huuita bondi: ahadi ya kuendelea kumtumikia mwajiri kwa muda fulani baada ya masomo, au kurudisha fedha. Kwa lugha ya kibiashara, mwajiri amenunua muda wa mtu, na bei aliyolipa ni ada.

Bei hiyo inaweza kupimwa. Ikichukuliwa kwa mfano ada ya shilingi milioni 12 pamoja na bondi ya miaka mitatu, yaani miezi 36, mwajiri atakuwa amelipa takriban shilingi 333,000 kwa kila mwezi wa kumzuia mfanyakazi. Ikiwa soko lingempa mhitimu huyo nyongeza ya shilingi 600,000 kwa mwezi mahali pengine, basi kwa kubaki hadi mwisho atakuwa ameacha shilingi milioni 21.6 ili apate milioni 12. Hesabu hiyo, ambayo huwatisha wengi, haijakamilika, kwa sababu inategemea namna deni linavyopungua. Mkataba ulioandikwa vizuri hupunguza deni kwa uwiano wa muda uliotumikiwa, hivi kwamba anayeondoka baada ya miezi 18 hudaiwa nusu tu, yaani milioni 6, ambazo nyongeza ya mshahara mpya ingezifidia katika miezi kumi, kabla ya kodi. Udhamini wa namna hiyo hauna tofauti kubwa na mkopo usio na riba, na ni vigumu kuona sababu ya kifedha ya kuukataa. Mkataba usio na kifungu hicho ni jambo jingine kabisa: aliyebakiza miezi miwili hudaiwa sawasawa na aliyeondoka siku ya kwanza.

Kwa hiyo kinachostahili kujadiliwa kabla ya kusaini ni vifungu, zaidi ya ukubwa wa ufadhili. Kifungu kinachopuuzwa kuliko vyote ni kile kinachotaja siku ambayo bondi inaanza kuhesabiwa. Mwanafunzi anayesoma madarasa ya jioni huweza kumaliza masomo ya darasani kwa wakati, kisha akakwama kwenye tasnifu, msimamizi wake akichelewa kurudisha sura ya tatu na mahafali ya mwaka huo yakimpita. Ikiwa bondi inaanza siku ya mahafali, kila mwezi wa kuchelewa ni mwezi wa ziada wa kufungwa ambao hakuna aliyeulipia. Ni salama zaidi bondi ihesabiwe tangu mtihani wa mwisho wa darasani. Vilevile yafaa mkataba useme wazi kwamba deni linafutika iwapo mwajiri ndiye anayepunguza wafanyakazi, kwamba mishahara ya kipindi cha masomo haijumlishwi katika deni la anayeendelea kufanya kazi, na kwamba cheti halisi hukaa kwa mwenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haimpi mwajiri uhuru wa kudai adhabu yoyote aliyoiandika, kwa kuwa mahakama hutoa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kilichotajwa. Lakini kesi ni ghali kuliko saa moja ya mazungumzo.

Masharti yakishaeleweka, uchaguzi wa shule hubadilika sura. Ithibati, yaani uthibitisho wa chombo huru kwamba chuo na programu zake vinafikia viwango, ni jambo la kumaliza mapema: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, au tume ya namna hiyo nchini Kenya, ndiyo inayoangaliwa kwanza, pamoja na utambuzi wa tuzo ikiwa chuo kiko nje au hufundisha kwa mtandao. Ithibati za kimataifa za AACSB ya Marekani, AMBA ya London na EQUIS ya Ulaya, ambazo shule za Stellenbosch na Cape Town nchini Afrika Kusini zinazo zote tatu, ni nyongeza yenye maana zaidi kwa anayetazamia kufanya kazi nje ya kanda.

Orodha za ubora zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Orodha ya gazeti la Financial Times, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1999, huupa uzito mkubwa mshahara wa wahitimu na ongezeko lake, na ongezeko hilo kwa sehemu kubwa hutokana na watu kubadili kazi. Mtu mwenye bondi, anayerudi kwenye meza yake ile ile, hununua kitu ambacho orodha hiyo haikukipima. Isitoshe, baadhi ya shule humtaka mwanafunzi aliyedhaminiwa alete kibali cha mwajiri kabla ya kutumia huduma zao za ajira, na hivyo sehemu ya ada kubwa hulipia mlango ambao yeye hapitishwi.

Kwa mwenye bondi, basi, cha kupima ni ufundishaji na wanafunzi wenzake. Shule ya Biashara ya Strathmore jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano na shule ya biashara ya IESE ya Barcelona, hutumia sana mjadala wa visa, yaani uchambuzi wa tatizo halisi la kampuni ambapo wanafunzi hutetea uamuzi wao mbele ya wenzao, na mbinu hiyo huzaa matunda pale tu darasa linapokuwa na watu waliokwisha kusimamia bajeti na kuachisha watu kazi. Mwenye busara huuliza wastani wa miaka ya uzoefu darasani, na huomba kuketi katika kipindi kimoja. Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Mzumbe zina faida nyingine kwa aliye Tanzania, kwamba anayesoma huko hukutana na wasimamizi na wateja wa soko lile lile analofanyia kazi.

Kundi moja lingefanya vyema kukataa udhamini hata wenye masharti mepesi, nalo ni la wanaokusudia kubadili fani, kwa mfano mhandisi anayetaka kuingia katika fedha. Kwao huduma za ajira na mtandao wa wahitimu ndio kiini cha kile wanachokilipia, na miaka miwili au mitatu ya kurudi kazini huchakaza vyote viwili, kwani wasaka vipaji huwatafuta wahitimu wapya. Njia ya kati, ambayo waajiri huikubali mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, ni ruhusa ya masomo bila malipo pamoja na barua ya kushikiliwa nafasi: haimgharimu mwajiri ada, na kwa kawaida haina bondi.